Alamu ya simu au ya kampuni: nani atafika dukani saa nane usiku?

Shikamoo Mshauri,

Mimi ni mama mfanyabiashara hapa Dodoma. Nina fremu Nkuhungu, nauza vipuri vya pikipiki, betri za sola na taa zake, na pale mlangoni nina kimeza cha uwakala wa pesa za simu. Mzigo uliomo kwa sasa haupungui milioni 14, na sehemu yake ni mkopo wa kikundi. Nyumbani ni Nzuguni, yaani kati yangu na duka kuna mji mzima.

Mwezi uliopita jirani yangu, fremu ya tatu kutoka kwangu, aliibiwa. Mlango hawakuugusa. Walipanda kwa nyuma, wakang'oa misumari ya bati, wakakata jipsamu, wakashuka ndani. Asubuhi alikuta kufuli zote tatu zimening'inia palepale, ndani hamna kitu. Mlinzi wetu, mzee mmoja tunayemchangia fremu 11, alikuwa upande wa pili, hakusikia lolote.

Tangu siku hiyo usingizi umenipaa. Mdogo wangu ni fundi umeme. Anasema ataniletea kutoka Kariakoo alamu ya laini ya simu kwa 280,000, atafunga mwenyewe bure, ikilia inanipigia mimi, na hakuna malipo ya mwezi. Wiki hiyohiyo alipita kijana wa kampuni ya ulinzi. Wao wanafunga kwa 650,000, halafu 85,000 kila mwezi, mkataba wa miezi 24. Ikilia wanaiona kwao na gari linakuja.

Mume wangu ni dereva wa lori, muda mwingi yuko njiani. Yeye anasema 85,000 ni pesa ya kupangia fremu nyingine, tufunge ya Kariakoo yaishe. Mimi roho inasita, kwa sababu Ijumaa na Jumamosi nalala upande wa Chemba nikifuata minada, na huko kuna mahali mtandao unaupata mpaka upande kichuguu. Tena nikikataa ya mdogo wangu ataona nimemdharau. Naomba ushauri wako.

Mama Vipuri, Nkuhungu

*

Marahaba mwanangu. Poleni sana, wewe na jirani yako.

Nianze kwa kukuondolea wasiwasi mmoja. Ukifungua boksi la mdogo wako na boksi la kampuni utakuta vitu vya ukoo mmoja: paneli (boksi kuu linaloendesha alamu, si ile ya sola), sensa za mwendo, sumaku za mlangoni zinazojua mlango ukifunguliwa, king'ora, betri na laini ya simu. Ubora unatofautiana, na nitaufikia, lakini unacholipia 85,000 si vyuma. Unalipia mtu aliyekaa macho usiku kucha akisubiri duka lako lilie, na gari ambalo ataliamuru liondoke. Kwa hiyo kabla ya kulinganisha bei, jiulize: alamu ikilia saa nane usiku, nani atasimama mbele ya fremu yako, na baada ya dakika ngapi? Aliyekwisha kukata jipsamu hahitaji nusu saa kupitisha betri zako juu ya dari.

Tuichukue kwanza ya mdogo wako, jinsi alivyoieleza. Inalia, inakupigia wewe. Jumatatu mpaka Alhamisi na Jumapili uko Nzuguni, simu iko chaji, umeamka. Kisha? Mume yuko barabarani. Nakuomba usije hata siku moja ukatoka peke yako usiku huo, ukatafuta bodaboda, ukavuka mji kwenda kukutana na watu wenye nondo mkononi. Mzigo ukienda utanunuliwa mwingine. Na Ijumaa na Jumamosi, siku ambazo hata majirani wanajua haupo, simu yako iko Chemba inatafuta mtandao. Alamu itapiga, itaambiwa mteja hapatikani, basi.

Hapo ndipo wengi wanapokosea kwenye alamu ya kujisimamia: namba pekee iliyowekwa ni ya mwenye duka. Paneli nyingi za aina hiyo zinapokea namba tano au sita na kuzipigia kwa zamu. Namba ya kwanza iwe ya mtu anayelala karibu, hata kama si ndugu. Kuna jirani anayeishi nyuma ya fremu? Mwenye kibanda cha chipsi anayefunga usiku wa manane? Awe yeye, afuate mzee mlinzi, afuate mwenye fremu mwenzako, kisha wewe. Na mkae nao kitako kabla, mkubaliane kila mmoja atafanya nini: kupuliza filimbi, kuwasha taa zote, kuamshana, kupiga 112 na kumpigia polisi wa kata. Asiingie mtu ndani. Namba ya polisi kata uitafute kesho mchana, mwenyekiti wako wa mtaa anayo.

Sasa umeme. Ukienda dukani leo angalia main switch yako iko wapi. Fremu nyingi za hapa kwetu imebandikwa ukutani nje, pamoja na mita ya LUKU, bila hata kifuniko. Mwizi akiishusha, kila kitu kinachotegemea umeme wa ukutani kinakufa. Na si lazima awe mwizi, uniti nazo huisha usiku. Kuna alamu zinazotuma taarifa kwa Wi-Fi peke yake. Ruta ikizima, alamu inakuwa bubu hata kama yenyewe ina betri. Usinunue hiyo. Nunua yenye laini ya simu ndani ya paneli na betri yake ya akiba, tena inayokutumia ujumbe umeme ukikatika. Ukipata ujumbe huo usiku nawe unajua uniti zipo, hiyo tayari ni sababu ya kumpigia mzee akatupie tochi.

Paneli za kampuni kwa kawaida hubeba betri ya volti 12, ampea saa 7, ambayo yaweza kuishikilia paneli ndogo usiku kucha na zaidi. Za bei ndogo zina kibetri cha ndani cha saa chache tu. Kwa vyovyote, joto la chini ya bati la Dodoma linakula betri hizi za madini ya risasi na asidi. Zimetengenezwa zikae kwenye nyuzi 25 hivi, na kila nyuzi 10 zikiongezeka umri wake unakaribia kukatika nusu. Usifunge paneli juu karibu na dari. Ishushe ukutani sehemu yenye kivuli, na betri ubadilishe kila baada ya miaka 2 au 3 bila kusubiri ife.

Laini ya alamu isajiliwe kwa kitambulisho chako, si cha fundi. Iwe na salio, kwa sababu paneli nayo inapiga na kutuma kama simu yoyote, na uwe unaitumia, maana laini iliyolala muda mrefu hufungwa. Mimi ningeweka utaratibu wa kuijaribu kila Jumatatu jioni kabla ya kufunga: unaiwasha, unapita mbele ya sensa, unasubiri simu ziite. Kwenye simu yako, chagua upigiwe, usitegemee kijumbe cha programu. Simu nyingi za sasa huzilaza programu ili kutunza chaji, na ile hali ya kunyamazisha usiku inaumeza ujumbe mzima. Namba ya alamu iweke kwenye orodha ya wanaoruhusiwa kuita wakati wowote.

Nije kwenye dari, maana ndiyo iliyokupa hofu, na hapa nitakaa kidogo. Fundi akija na sumaku mbili za mlango akakwambia kazi imekwisha, mrudishe. Wezi wa mtaani kwenu wameshakuonyesha wanapita wapi. Unahitaji sensa ya mwendo ndani, imefungwa kwenye pembe, kimo cha mita 2 na kidogo, ikitazama kwa kukingama pale ambapo mtu akishuka lazima apite, kwa sababu sensa hizi hunasa vizuri zaidi mtu anayekatiza mbele yake kuliko anayeijia moja kwa moja. Kama stoo iko nyuma na ina ukuta wake, nayo ipate ya kwake. Rafu ndefu usiiache mbele ya sensa. Nimeona maduka ambayo mzigo mpya ulipangwa ukaifunika kabisa, na taa ya paneli inawaka kijani kila jioni kana kwamba mambo ni shwari.

Sensa hiyo haioni sura ya mtu. Inahisi joto la mwili likipita mbele ya ukuta wenye joto tofauti. Ndiyo maana mwezi wa kumi na wa kumi na moja, mchana, ndani ya fremu ya bati iliyofungwa, inazubaa: ukuta na mwili vimekaribiana joto. Usiku ukuta ukipoa inarudi sawa. Adui yake mkubwa usiku ni upepo wetu wa kiangazi. Bati likipiga, pazia likipepea, bango la karatasi likichezacheza, hewa ya moto ikipenya kwenye upenyo, nayo inalia. Mjusi kafiri akitembea juu ya kioo chake inalia. Popo akishuka kutoka darini inalia. Alamu ikilia bure mara tatu katika wiki moja, mara ya nne hakuna jirani atakayenyanyuka, na aliyekusudia kukuibia anaweza kuwa ndiye anayelitikisa bati makusudi ili watu wachoke. Kwa hiyo ziba matundu, ondoa mabango yanayoning'inia, futa sensa vumbi kila wiki, na kila ikilia bure tafuta sababu siku hiyohiyo.

Na kabla ya hayo yote, wavu wa chuma au nondo juu ya jipsamu. Alamu inatoa taarifa, haimzuii mtu. Kila dakika ambayo wavu utamchelewesha ni dakika ya mtu wako kufika. Misumari ya bati unaweza kuibadilisha kwa skrubu, zinamsumbua anayeng'oa kwa nyundo. Gharama hiyo itangulie alamu, iwe ya Kariakoo au ya kampuni.

Sasa kampuni. Hesabu yao tuiweke mezani: 85,000 mara 24 ni 2,040,000, ongeza ya kufunga 650,000, jumla 2,690,000. Muulize kama bei hiyo ina VAT ndani. Kama haina, kwa asilimia 18, ile 85,000 inakuwa 100,300 kila mwezi. Muulize vifaa ni vya nani mkataba ukiisha. Mara nyingine umelipia kufungiwa tu na vyuma vinang'olewa vinarudi kwao. Ukivunja mkataba kabla ya wakati unalipa nini? Alamu ikilia bure unatozwa? Na swali ambalo wateja wengi hawaliulizi: paneli yangu ikinyamaza, laini ikifa, nyie mtajua baada ya muda gani? Kituo kinachojali kazi yake hupokea salamu ya kujipima kutoka kwa kila paneli, angalau mara moja kwa siku, na ikikosekana wanampigia mteja. Wakikujibu kwa kuzungukazunguka, ujue hawaangalii.

Halafu gari. Dodoma ilipandishwa kuwa jiji mwaka 2018, na tangu hapo imetanuka kila upande, Nala huku, Mtumba kule. Kampuni yenye gari moja la doria linalolala upande wa Area D au mjini kati haiwezi kumfikia mteja wa Nkuhungu na wa Ihumwa usiku mmoja kwa mwendo uleule. Usikubali kuambiwa tunafika haraka. Omba jina la mahali gari linapolala, idadi ya magari ya usiku, na idadi ya wateja wanaolitegemea kila gari. Kisha omba jaribio kabla ya kusaini. Wakufungie kwa muda au wakuchukulie mteja wao aliye karibu na wewe kwa ridhaa yake, alamu ibonyezwe saa nane usiku bila wao kujua ni siku gani, na mtu wako mwaminifu awe pale na saa. Mlinzi wa kampuni naye si polisi, hana ruhusa ya kufanya makubwa. Ulizia akifika anafanya nini: anazunguka mpaka nyuma na kumulika bati, au anatazama kufuli za mbele na kuondoka? Kwa fremu ya jirani yako, anayetazama kufuli angeandika kwamba mambo ni salama.

Kwa hali yako wewe, naegemea kampuni. Sababu ni zile siku mbili za Chemba, umbali wa Nzuguni, na mume asiyekuwepo. Alamu ya kujisimamia inamfaa mtu anayelala karibu na duka au mwenye ndugu hapo mlangoni, na kwa mtu huyo naona 85,000 ni pesa ya kutupa. Wewe huna mtu huyo kwa sasa. Lakini naegemea kwa sharti la lile jaribio. Gari likifika ndani ya dakika 10 na mlinzi akazunguka nyuma, saini, ila omba miezi 12 badala ya 24. Likichukua nusu saa, waage kwa heshima. Utakuwa unalipia huduma ambayo jirani mwenye filimbi angeitoa mapema zaidi; chukua ya mdogo wako, na ile pesa ya mwezi muiongeze kwa mzee mlinzi ili apatikane wa pili, mmoja mbele mmoja nyuma.

Mume wako umwambie jambo moja analoweza kulipenda. Mko fremu 11. Nendeni kwa kampuni kama kundi, si mmoja mmoja. Bei itashuka, na wao watakuwa na sababu ya kuliegesha gari jirani. Tayari mnachangia mlinzi, kwa hiyo mazoea ya kuchangishana mnayo. Hata kama mtaishia kwenye alamu za kujisimamia, zikiwa 11 zinazopigiana zina nguvu kuliko moja.

Kuna jambo hukuliuliza ila sitalipita. Wewe ni wakala. Hatari yako kubwa ya kuumizwa haiko saa nane usiku, iko saa moja na nusu au saa mbili unapofunga, pesa taslimu ziko mkobani, na alamu wakati huo imezimwa. Mfumo wowote utakaochukua uwe na kitufe cha dharura kisichopiga kelele, kimoja chini ya kimeza na kimoja cha kubeba mfukoni. Ukibonyeza, king'ora kinyamaze, simu tu ziende. Mtu mwenye panga mbele yako hutaki ashtuke. Na usiwe na saa moja ya kufunga kila siku.

Namba ya siri ya paneli ibadilishwe fundi akiondoka, yeyote awe, hata ndugu. Kijana wako wa dukani apewe ya kwake, ili ujue nani alifungua saa ngapi, na akiacha kazi unaifuta siku hiyo. Ukiongeza kamera, ielekee ndani ya duka na mlangoni, bandika tangazo kwamba ipo, kwa kuwa tuna Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022 na picha za watu zimo humo. Kama unafikiria bima ya wizi, soma masharti kabla ya kununua vifaa, maana baadhi zinadai alamu ya aina fulani au ushahidi kwamba imekuwa ikihudumiwa.

Kuhusu mdogo wako, usimkatalie. Mpe kazi ambayo kampuni haitaifanya: wavu wa dari, skrubu za bati, kuihamishia main switch ndani au kuifungia boksi la chuma lenye kufuli, baada ya kupata idhini ya mwenye nyumba. Mlipe, hata kama anasema bure. Siku ya jaribio la gari, yeye ndiye awe pale na saa mkononi, yeye na mzee mlinzi, na umuombe akuandikie alichokiona tangu king'ora kulia mpaka mlinzi wa kampuni kupanda gari kurudi. Ni fundi, ataona vitu ambavyo mimi na wewe hatungeviona, na jibu atakalokuletea, liwe la kuikubali kampuni au kuikataa, litakuwa limetoka kwake.